Kisiwa cha plastiki hakipo

Kila kikundi cha kusafisha ufuo hapa Mombasa kinachokuja kutaka ushauri huja na kisiwa chake: kile cha taka cha Pasifiki, ambacho eti mtu anaweza kutembea juu yake. Jamani, hakipo.

Kilichopo ni eneo la bahari kati ya Hawaii na California, kilomita za mraba milioni 1.6 hivi, ambako mikondo hukusanya taka. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria tani 79,000 humo. Piga hesabu: ni kama kilo 50 kwa kilomita ya mraba. Karibu nusu ya uzito huo ni nyavu za uvuvi, na vipande vilivyo vingi kabisa ni chembe ndogo kuliko nusu sentimita. Unaweza kupita na boti usione kitu.

Na ile picha ya mtu kwenye mtumbwi katikati ya taka? Ilipigwa bandari ya Manila, Ufilipino, ikazungushwa kama Pasifiki. Ukiona taka zimebanana na mtu mwenye kasia, hapo nchi kavu haiko mbali. Lakini chembe haipendezi ukurasa wa mbele, basi mhariri huweka bandari.

Hasara yake tunaiona hapa: watu wanangoja meli ya kufagia bahari huku mtaro wa nyuma ya nyumba umejaa. Mvua ikinyesha, chupa za Mikindani huteremka hadi hori la Tudor na kunasa kwenye mizizi ya mikoko. Zoeni mitaro kabla ya masika, Machi isiishe. Chupa kavu ina mnunuzi. Ya ufuoni imejaa mchanga, tena plastiki iliyokaa juani hukatikakatika, na wanunuzi huikataa.

"Kenya si ilipiga marufuku plastiki?" Marufuku ya 28 Agosti 2017 ilihusu mifuko. Mkate bado hufungwa kwa plastiki kiwandani, kihalali.

Alama ya pembetatu yenye namba, iliyo chini ya chupa, nayo haisemi kwamba kitu kitarejelezwa. Namba hutaja aina ya plastiki tu. Maji husaidia kutenganisha aina hizo. Kata chupa yenye namba 1 uitie majini: itazama, kifuniko chake kitaelea. Lebo ya kubana ya PVC, aina nyingine ya plastiki, huzama pamoja na chupa, kwa hiyo maji hayazitenganishi. Ibanduliwe kwa mkono: kwenye joto la kuyeyusha chupa, nyuzi 260 hivi, PVC huungua, hutoa asidi na kuharibu mzigo mzima.