Jinsi chama cha bima cha Wahungaria wa Marekani kinavyoendeshwa

Chama cha kusaidiana cha Wahungaria wa Marekani ni kampuni ya bima ya maisha isiyo na mwenye hisa hata mmoja. Anayekata bima ndiye mwanachama, mwanachama ndiye mwenye mali, na mali yenyewe ni hatifungani zilizonunuliwa kwa michango ya waliokwisha kufa na ya watakaokufa. Mnisamehe kwa lugha hiyo, sisi watakwimu bima ndivyo tulivyo. Naishi Pittsburgh, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupiga hesabu za akiba za vyama vidogo vya aina hii. Nimeona niwaeleze vinavyoendeshwa, maana wengi wakisikia "chama cha Wahungaria" hufikiria ngoma na supu ya pilipili tu.

Kinachojulikana zaidi kilizaliwa tarehe 21 Februari 1886 mjini Hazleton, Pennsylvania, wachimba makaa ya mawe 13 walipoanzisha Verhovay Segélyegylet, yaani chama cha misaada cha Verhovay, wakakipa jina la Gyula Verhovay, mwanasiasa na mwandishi wa habari wa kwao. Mwaka 1888 wenzao wa Bridgeport, Connecticut, wakaanzisha chama cha Rákóczi. Waprotestanti wa Kireformati wakawa na shirikisho lao mwaka 1896, na Wakatoliki nao wakajikusanya kivyao. Wakati ule mchimbaji akivunjika mgongo, mwajiri alimtakia heri tu. Tarehe 19 Desemba 1907 mgodi wa Darr, karibu na Jacobs Creek, ulilipuka na kuua wanaume na wavulana 239, wengi wao wahamiaji kutoka Hungaria. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa Pennsylvania ilikuja kupitishwa mwaka 1915. Kabla ya hapo mjane alikuwa na chama chake, kama mumewe alikuwa amelipa.

Mfumo wenyewe Wahungaria hawakuubuni. Waliukuta. Mwaka 1868 John Jordan Upchurch alianzisha Ancient Order of United Workmen mjini Meadville, Pennsylvania, kwa kanuni ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama cha kufa na kuzikana ataitambua mara moja: mwenzetu akifa, kila mmoja anatoa dola moja, familia inapewa. Hakuna akiba, hakuna vitabu vizito, hakuna kuulizana umri.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba mwanzoni inafanya kazi vizuri mno, na ubaya wake umefichwa humo humo. Chukua wanachama 1,000, wote wana miaka 30, na fao ni dola 1,000. Jedwali la vifo lililotumiwa sana Marekani enzi hizo, lile la Sheppard Homans la mwaka 1868, linasema kwamba katika watu 1,000 wa umri huo watakufa kama wanane na nusu kwa mwaka. Kila mmoja atachanga dola 8.43. Sasa waache watu hao hao wazeeke pamoja bila damu mpya. Wakifika miaka 50, mchango ni dola 13.78. Wakifika 60, ni 26.69. Wakifika 70, ni karibu dola 62 kwa mwaka, na wakati huo mtu hana tena nguvu za kushika sururu.

Viongozi wa zamani waliiona hatari hii, na jawabu lao lilikuwa: tuingize vijana. Lakini kijana wa miaka 22 naye anajua kuhesabu. Akiona anachangia misiba ya wazee kila mwezi wakati chama kipya cha mtaa wa pili kinatoza robo ya hapo kwa sababu wote ni vijana, anahama. Wanaobaki wanazidi kuwa wazee, mchango unapanda, na wenye afya wanatangulia kutoka. Vyama vingi vya Marekani vilikufa hivyo, vikiwa na viongozi waaminifu kabisa. Hakuna aliyeiba. (Hapa nawaambia ndugu zangu wa vikundi vya WhatsApp vya kusafirisha maiti kwenda nyumbani: kikundi chenu bado ni cha watu wa miaka 35 hadi 45. Ngojeni miaka ishirini, au anzeni kuweka akiba leo.)

Vilivyopona vilikubali uchungu mmoja: kutoza kwa umri wa kuingia, na kutoza ujana zaidi ya gharama ya mwaka huo, ili ziada iwekwe na kuzaa riba itakayobeba uzee. Mwaka 1898 muungano wa vyama hivi, National Fraternal Congress, ukatoa jedwali lake la vifo, na miaka michache baadaye sheria za majimbo zikaanza kulazimisha viwango vinavyojitosheleza. Katika mkutano mkuu, pendekezo la namna hii maana yake ni kumwambia mzee aliyelipa miaka mingi kwamba mchango wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Hebu fikiria kulisimamia hilo jukwaani, kwa Kihungaria, mbele ya wajumbe waliotoka zamu ya usiku.

Sheria ya leo inataka chama kiwe na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni bima: akiba inayokokotolewa kwa jedwali na riba zilizowekwa, mtaji unaopimwa dhidi ya hatari, na taarifa ya mwaka inayofika kwa kamishna wa bima wa jimbo ifikapo tarehe 1 Machi. Mguu wa pili ni uanachama wa kweli: matawi yanayokutana, uchaguzi wa wajumbe, na chombo kikuu cha wanachama ambacho kwa kawaida hukaa walau mara moja kila miaka minne. Kifungu cha 501(c)(8) cha sheria ya kodi ya shirikisho kinasamehe kodi ya mapato kwa chama chenye mfumo wa matawi kinachowalipa wanachama mafao ya kifo, ugonjwa au ajali. Matawi yakifa na ofisi ikabaki inauza bima tu, msamaha huo unakuwa mgumu kuutetea. Ndiyo maana mashindano ya boling, ufadhili wa masomo na siku ya kuchoma mafuta ya nguruwe juu ya moto wa kuni vinaingia kwenye bajeti ya kampuni ya bima. Mhasibu mgeni akitaka kuvifyeka ili kubana matumizi, huwa namwomba kwanza akakisome kifungu hicho.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalisomi kwenye cheti, yaani hati yao ya bima. Bima ya chama ni mkataba ulio wazi: katiba na kanuni za chama ni sehemu ya mkataba, na zikibadilishwa kihalali baadaye, zinamfunga hata aliyejiunga zamani, isipokuwa haziwezi kupunguza mafao aliyoahidiwa. Lakini akiba ikipungua chini ya kiwango, bodi inaweza kumtaka kila mwenye cheti alipe sehemu yake ya pengo. Asipolipa, sehemu hiyo inakuwa deni juu ya cheti chake, lenye riba, au anakubali fao dogo zaidi. Na karibu majimbo yote hayaviingizi vyama hivi kwenye mfuko wa dhamana unaowaokoa wateja wa kampuni za kawaida zinapofilisika. Wenye mali ni wanachama, basi na hasara ni yao. Kwa maoni yangu hii ni haki, ila aeleweshwe mtu kabla ya kutia saini.

Kamishna wa bima ana rungu kubwa kuliko watu wanavyodhani. International Workers Order, shirika la mrengo wa kushoto lililoundwa mwaka 1930 na lililokuwa na sehemu ya Wahungaria, lilikuwa na fedha za kutosha kulipa kila dai. Jimbo la New York likalifunga miaka ya mwanzo ya 1950 kwa sababu za siasa, na mahakama zikaruhusu.

Riba nayo ilitutesa. Mikataba ya malipo ya uzeeni iliyouzwa zamani kwa dhamana ya asilimia 4 iliendelea kudai asilimia 4 yake hata Agosti 2020, hatifungani ya serikali ya miaka kumi ilipokuwa ikilipa chini ya asilimia 1. Aliyenunua hatifungani za muda mrefu mapema alilala usingizi mnono.

Na watu? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikuwa imefunga mlango. Wakimbizi wa 1956, waliotoroka Hungaria baada ya Wasovieti kuzima uasi, waliongeza wanachama, ila hawakutosha. Mwaka 1955 Verhovay na Rákóczi viliungana kuwa William Penn Fraternal Association, jina la mwanzilishi wa Pennsylvania, na mwaka 1972 likafupishwa kuwa William Penn Association. Leo vyama vya namna hii huandikisha hata wasio na damu ya Kihungaria. Wako wanaolaumu. Mimi naona bila hivyo hesabu ile ya dola 62 ingerudi kwa mlango mwingine.

Kazi inayonilia muda zaidi, hata hivyo, haina hisabati nyingi: ni vyeti vya zamani. Chukua mfano wa mstari mmoja wa leja ya miaka ya 1930: "Kovács Jánosné, sz. Tóth Mária", dola 500. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, na mke aliyeolewa aliandikwa kwa jina la mumewe, kwa hiyo huyu ni mke wa János Kovács, na jina lake la kuzaliwa ni Mária Tóth. Karani aliyeingiza leja kwenye kompyuta, asiyejua haya, akaandika jina la kwanza Janosne. Huyo Janosne hajawahi kufa katika kumbukumbu yoyote ya serikali, kwa sababu aliyekufa aliandikwa Kimarekani, Mary Kovach. Kompyuta inalinganisha wanachama na orodha ya vifo ya Hifadhi ya Jamii, haioni kitu, na cheti kinaendelea kuhesabiwa kuwa hai hadi mwanachama atimize umri usiowezekana.

Mnufaika naye anaweza kuwa dada aliyeachwa Kassa au Ungvár. Baada ya mkataba wa Trianon wa mwaka 1920, uliochora upya mipaka ya Hungaria baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, miji hiyo haikuwa tena Hungaria. Leo ya kwanza ni Košice ya Slovakia na ya pili ni Uzhhorod ya Ukraine. Barua ikirudi bila kufunguliwa, tunatafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa tangazo la kifo katika gazeti la mji, kwa daftari la makaburi ya kanisa, na mwisho kwa simu kwa katibu wa tawi, ambaye mara nyingi anaijua familia na hata kitukuu anakofanya kazi. Warithi wasipopatikana ndani ya muda wa sheria, fedha zinapelekwa kwenye hazina ya jimbo kama mali isiyo na mwenyewe.

Cheti cha dola 500 kinaweza kugharimu saa za karani zenye thamani zaidi ya fao lenyewe, na wajumbe wa bodi hunihoji kama kuna faida. Nawaonyesha tarehe ya ukaguzi ujao wa jimbo, kwa kuwa vyeti vya namna hii ni kati ya mafaili ya kwanza ambayo mkaguzi huyaomba.