Kiduha hakifi kwa kulipumzisha shamba

"Bibi shamba, lile shamba la kiduha nimeliacha. Misimu miwili tu, kitajifia." Hili la kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, safari hii nimeambiwa Mvumi, huku Dodoma, na mzee mwenye heshima zake, na nimechoka kulisikia. Nimelisikia Bahi, nimelisikia Chamwino, na kila anayesema hivyo hurudi na mtama uliodumaa, kiduha kimechanua chini yake.

Mbegu ya kiduha ni vumbi, mithili ya ugoro. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na hukaa udongoni zikiwa hai miaka 10 na zaidi. Misimu miwili si kitu kwake. Tena haioti kwa mvua peke yake: mvua huiandaa tu, kinachoiamsha ni kemikali itokayo kwenye mizizi ya mmea ulio jirani. Kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa, strigoli, ilitangazwa mwaka 1966, na ilitolewa kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulinyonya! Pamba inaiamsha mbegu, kichipukizi kinatafuta pa kujichomeka, kinakosa, kinakufa baada ya siku chache. Karanga na alizeti hufanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo shamba likilala, mbegu nazo zinalala. Na mara nyingi halilali kweli, kwa sababu mtama unajiotea humo pamoja na nyasi za jamii yake, kiduha kinapata pa kunyonya na kupukutisha mbegu mpya. Panda alizeti, panda karanga. Si msimu mmoja, misimu kadhaa, na ukirudi kwenye mtama changanya na karanga. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

Ni kweli kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Mizizi ikikosa fosforasi na naitrojeni hutoa kemikali ile kwa wingi zaidi. Dawa yake ni samadi, tena iliyooza vizuri, maana ng'ombe akila kiduha chenye mbegu, baadhi hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani.

Wengine huniambia: "Nitakipalilia kikitoka." Ukikiona juu, kimeshanyonya wiki kadhaa chini ya ardhi, na mtama wa mwaka huu umeshaumia. King'oe hata hivyo, kabla hakijapukutisha, kwa ajili ya mwaka ujao.

"Kina majani ya kijani, hakinyonyi." Kinajitengenezea chakula kidogo, lakini maji na madini kinavuta kwenye mzizi wa mtama.

"Ni mkono wa mtu." Hapana. Ni upepo, maji ya mvua, jembe lisilosafishwa, kwato za ng'ombe, na mbegu mliyogawana kutoka shamba lenye kiduha. Inaniuma kuona majirani wakinuniana kwa ajili ya gugu.

"Mbegu yoyote ya kisasa inakiweza." Si yoyote. Hakika na Wahi, aina za mtama zilizotolewa mwaka 2002, zilichaguliwa kwa ajili hiyo, na hata hizo hukistahimili tu; kiduha bado utakiona.

Walio na maua mekundu ya kiduha shambani sasa hivi: ng'oeni, tieni kwenye kiroba, mkachome moto. Msiyatupe mpakani.