"Si ziko kwenye wingu?" Dhana inayomaliza picha za watu

Kuna sentensi inayofuatana na karibu kila simu inayoletwa ili iokolewe picha: "Lakini si ziko kwenye wingu?", yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni. Anayeisema huisema kwa mshangao wa kweli. Aliwasha alichoambiwa awashe, akaona alama ya tiki, akatulia miaka minne. Kisha akafuta, na sasa hakuna kitu, huku wala kule. Inauma kuisikia tena na tena, kwa sababu picha hizo zingekuwepo leo kama angetokea mtu wa kumweleza tofauti kati ya kusawazisha na kuweka nakala rudufu. Basi hiyo ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa. Dhana nyingine potofu tutazipitia haraka.

Dhana: Picha zikiwa kwenye wingu, nina nakala

Kusawazisha maana yake ni kuvifanya vifaa vyote vikubaliane. Picha ikiingia kwenye simu inaonekana kwenye akaunti, na ikiwa kwenye akaunti inaonekana kwenye kompyuta na tableti. Watu huipenda nusu hiyo na kuishia hapo. Nusu ya pili ni kwamba kufuta nako husawazishwa. Nakala rudufu haijali ulichoifanyia picha ya kwanza: umeifuta, umeiharibu, umeipoteza, yenyewe ipo. Kwa hiyo jiulize swali moja tu: nikiifuta picha hii sasa hivi, itabaki wapi? Kama jibu ni "sina hakika", huna nakala.

Mambo huharibika hivi. Simu imejaa, inakataa kupiga picha, na shughuli ndiyo inaanza. Mwenye simu anafungua Google Photos, programu ya picha ya Google, anachagua picha elfu mbili za zamani, anabonyeza alama ya pipa la taka akiamini anafuta za kwenye simu peke yake. Kitufe hicho hakifuti za kwenye simu peke yake. Kinaiondoa picha kwenye simu, kwenye akaunti, na kwenye kila kifaa kinachotumia akaunti hiyo. Bado si mwisho, maana picha zilizokuwa zimepakiwa hukaa kwenye Tupio siku 60, na ambazo hazijapakiwa siku 30. Kwenye iPhone yenye iCloud Photos, wingu la picha la Apple, zilizofutwa hukaa kwenye albamu yake siku 30. Tatizo ni kwamba picha zilizo kwenye tupio bado zinakula nafasi. Mtu anaona simu ingali imejaa, anaingia kwenye tupio lenyewe na kulimwaga. Hapo zimekwenda moja kwa moja.

Kama unachotaka ni nafasi, Google Photos ina kipengele chake cha kuongeza nafasi, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupakiwa, na kwa picha mojamoja kuna chaguo la kufuta kwenye kifaa pekee. Kwenye iPhone, washa chaguo la kuboresha hifadhi ndani ya mipangilio ya Photos: picha asilia inabaki iCloud, simu inabaki na toleo dogo. Lakini ujue ulichokifanya. Kuanzia hapo simu imebeba vivuli vya picha. Ukija kuiunganisha na kompyuta kwa waya ili unakili kila kitu, waya hauwezi kukupa picha asilia ambayo haimo ndani ya simu. Wengi hunakili hivyo, wakaona folda imejaa, wakafunga akaunti bila kuhesabu.

Jambo la pili linalofichwa na ile tiki ni nafasi. Google inatoa GB 15 bure, na hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. Ule upakiaji wa picha usio na kikomo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Nakala za WhatsApp za simu za Android nazo zimeingizwa kwenye hesabu hiyohiyo. Apple inatoa GB 5. Video ya 4K (ubora wa juu sana) ya fremu 30 kwa sekunde kwenye iPhone hula takriban MB 170 kwa dakika ikiwa imebanwa kwa mfumo mpya, kwa hiyo GB 5 zinaisha kwa nusu saa ya video. Nafasi ikiisha, upakiaji unasimama. Ujumbe unatokea, unaufuta kama unavyofuta matangazo, na picha za miezi minane zinabaki kwenye simu peke yake huku wewe ukilala usingizi. Fungua programu sasa hivi, gusa picha yako ya wasifu, usome ilivyoandikwa pale. Usiangalie picha ya mwaka juzi. Tafuta picha uliyopiga jana uone kama imepanda.

Tatu, si kila folda hupanda. Kwa kawaida Google Photos hupakia folda ya kamera tu. Picha ulizotumiwa kwa WhatsApp, picha za skrini na zile ulizopakua zina swichi zao, folda kwa folda, na zote huanza zikiwa zimezimwa. Picha za harusi alizopiga binamu akakutumia hazimo kabisa mpaka uiwashe folda hiyo. Na kama ulichagua ubora wa kuokoa nafasi, picha inayozidi megapikseli 16 hupunguzwa na video inayozidi 1080p (ubora wa HD kamili) hushushwa hapo. Kwa kutazama kwenye simu hutaona tofauti. Kwa kuchapisha bango utaiona.

Nne, akaunti yenyewe inaweza kufungwa au kukufungia nje. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zake. Hili huwapata sana wanaohifadhi picha za marehemu kwenye akaunti ambayo hakuna anayeiingia. Linalotokea mara nyingi zaidi ni hili: simu imeibiwa, laini imepotea, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye laini hiyohiyo. Nenda kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, tafuta uthibitishaji wa hatua mbili, chukua misimbo 10 ya akiba. Kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, uiweke mahali unapoweka vyeti. Ukiipiga picha na kuiacha kwenye simu, hujafanya kitu.

Sasa, nakala ya kweli inatengenezwaje? Kanuni ya wenye kazi hii ni nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya nyumba. Wingu lihesabu kama moja. Zinazobaki zishikike mkononi.

Kwa Google, ingia takeout.google.com, tovuti ya kupakua data yako, kwa kompyuta, ondoa alama kwenye huduma zote, rudisha Photos peke yake. Utaulizwa ukubwa wa mafurushi: huanzia GB 2 bila kuchagua, na unaweza kwenda hadi 50. Kama intaneti yako inakatika, usichague 50, maana upakuaji ukianguka kwenye asilimia 90 unaweza kulazimika kuanza upya. Ushauri wangu ni 10. Kiungo kinachokuja kwenye barua pepe kinaisha baada ya takriban wiki moja, kwa hiyo usiombe siku ambayo huna muda. Fungua mafurushi yote ndani ya folda moja, si kila moja kwake, la sivyo albamu zitakatikakatika. Utaona vijifaili vingi vya maandishi vya JSON kando ya picha. Usivitupe: vinabeba tarehe, mahali na maelezo uliyoyarekebisha ndani ya Google Photos. Kwa Apple, ombi kama hilo hufanyika kupitia privacy.apple.com.

Nakili kwenye diski ya nje iliyoandaliwa kwa exFAT, namna mojawapo ya kupanga faili kwenye diski. Ikiwa ni FAT32, namna ya zamani, faili lolote linalofikia GB 4 litakataliwa, na kwa kawaida hiyo ndiyo video ndefu ya sherehe unayoitaka kuliko zote. Mwisho wa kunakili, bofya folda ya asili na ile ya nakala, usome idadi ya faili na ukubwa wa jumla, zilingane. Fungua faili ishirini bila kuchagua, na video mojawapo uitazame hadi mwisho, kwa sababu faili lililokatika hucheza vizuri mwanzoni. Kisha chomoa diski. Diski inayoshinda imechomekwa itapigwa na radi, virusi au kikombe cha chai pamoja na kompyuta yenyewe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na diski ya pili ikae kwa ndugu.

Dhana: Fundi mzuri hurudisha chochote kilichofutwa

Ilikuwa karibu na ukweli enzi za diski za sumaku, ambazo hufuta anwani ya faili na kuuacha mwili mpaka uandikiwe juu. Simu za sasa hazifanyi hivyo. Data yake imesimbwa kwa njia fiche, faili kwa faili. Faili likifutwa, ufunguo wake unaondoka nalo. Diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, nazo hupokea amri ya TRIM inayoziambia zisafishe nafasi iliyoachwa. Zile programu za bure zinazoahidi kurudisha picha huokota vijipicha vidogo vilivyobaki kwenye akiba ya muda, vyenye upana wa vidole viwili, na kabla ya hapo zinakuomba ruhusa ya kusoma faili zako zote. Kwenye memori kadi na diski ya sumaku matumaini yapo, kwa sharti moja: acha kuitumia mara moja, na usisakinishe programu ya kuokoa juu ya diski hiyohiyo unayotaka kuiokoa. Diski ikianza kugonga, tak, tak, tak, izime. Kila dakika inayozunguka inakwangua. Wala usiiweke kwenye friza. Unyevu utakaoganda ndani utaimaliza.

Dhana: Flashi ni ghala

Flashi ni mkoba wa kubebea. Huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli, na chaji hiyo huvuja taratibu ikikaa bila kuchomekwa. Juu ya hayo, kuna flashi na kadi nyingi bandia: imeandikwa TB 2, ndani ina GB 32 zilizodanganywa zijitangaze kubwa. Inapokea faili zote bila kulalamika, kisha faili za mwisho zinafunguka tupu. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Jaribio huchukua saa kadhaa kwa sababu linaijaza yote na kuisoma tena. Vumilia.

Dhana: Nimezituma kwenye WhatsApp, zipo

Zipo zikiwa zimebanwa, tena zimevuliwa tarehe na mahali zilipopigwa. Chaguo la HD lililoletwa 2023 hupunguza hasara, haliiondoi. Ukitaka picha ifike ilivyo, iambatishe kama hati, si kama picha. Kikomo ni GB 2 kwa faili. Kundi la familia ni mahali pa kushirikiana, na mtu akibadilisha simu bila kuhamisha gumzo, historia yake inaishia hapo.

Dhana: Filamu niliyoinunua mtandaoni ni yangu

Umenunua leseni ya kuitazama. Mwaka 2009 Amazon iliviondoa vitabu viwili kwenye Kindle (visomaji vyake vya vitabu) za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vitabu vikazimika na fedha zikarudishwa. Tangu 1 Januari 2025, jimbo la California linawataka wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Muziki unaouzwa bila kufuli la kuzuia kunakili, kama faili za MP3 au FLAC, pakua siku hiyohiyo uuweke kwenye ile diski ya nje. Kisichopakulika, kihesabu kama ulichokodi.

Dhana: Simu iliyolowa itie kwenye mchele

Mchele haunyonyi maji yaliyo chini ya vifuniko vya chuma vya bodi, yaani sakiti kuu ya simu. Unachoacha ni vumbi na wanga kwenye tundu la chaji. Apple yenyewe imeandika kwenye maelekezo yake kwamba usifanye hivyo. Kinachoua ni umeme kupita kwenye maji, kisha kutu. Na kwa kuwa ufunguo wa data umefungwa kwenye prosesa, haiwezekani kung'oa chipu ya hifadhi na kuisomea kwingine: lazima bodi yenyewe ifufuke, hata kwa dakika kumi, ndipo picha zitoke. Kwa hiyo zima simu papo hapo na usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi". Usiichaji. Toa laini, ielekeze tundu chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iache penye hewa inayopita, mbali na pasi na mashine ya kukaushia nywele. Kama yalikuwa maji ya bahari, soda au chai ya maziwa na ndani kuna picha zisizo na nakala, usisubiri ikauke: ipeleke siku hiyohiyo kwa mtu mwenye darubini na mashine ya kuoshea bodi, kwa sababu chumvi na sukari zikikaukia ndani kutu inaendelea hata simu ikiwa imezimwa.