Juya, Dema na Kilo ya Tafi: Mnunuzi Naye Anahusika

Kusi likichacha, vyombo vidogo havivuki mwamba na wavuvi hujazana maji ya ndani. Ndiyo miezi ambayo juya, wavu wa kukokota, hurudi, na ndiyo miezi ambayo malalamiko ya nyavu kuchukuliwa huongezeka katika bandari za samaki za Mombasa.

Juya ni marufuku tangu 2001, na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 haikulirudisha. Ruhusa ya mdomo haipo, awe ameitoa nani. Hoja kwamba babu zetu walivuta juya tumeichoka kidogo. Babu hao hawakuvuta nailoni. Juya hukokotwa juu ya nyasi bahari, mahali tafi, changu na pono wachanga wanapokulia, na kifuko chake hakichagui. Tafi asiyefika urefu wa kiganja, kwa kawaida, hajataga hata mara moja.

Dema, mtego wa kusukwa, linaruhusiwa, na linaweza kuboreshwa bila gharama kubwa. Acha mwanya wa kusimama kwenye pembe, upana sentimita 3 hadi 4, kimo sentimita 30. Samaki aliyenaswa huzunguka akifuata ukuta, kwa hiyo pembeni ndipo anapoukuta mlango. Wachanga na wale bapa wasio na soko, kama vipepeo, hutoka. Tafi mnene hubaki. Wanaolalamika kwamba mwanya "unamwaga samaki" mara nyingi wameutengeneza kwa fito laini, ukalegea majini hadi tafi wakubwa wakapita. Tumia fremu ya chuma. Kifuniko kifunge kwa kamba ya usumba: dema likipotea, kamba itaoza na samaki watatoka.

Mama karanga, wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, hatuwalaumu kwa kununua samaki wadogo. Samaki aitwaye simu ni mdogo hata akizeeka, mnunueni bila wasiwasi. Shida ni fungu la mchanganyiko: tafi, changu na pono wa urefu wa kidole katika beseni moja. Hilo limetoka kwenye juya, na muuzaji anajua. Wenye mikahawa waulize zana kabla ya bei. Kuangalia macho na mashavu mnajua wenyewe.

Kuhusu barafu, mnayotumia sasa haitoshi kwa joto letu. Kilo moja ya barafu iliyopondwa kwa kilo moja ya samaki, kwa tabaka, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Jodari na vibua wakikaa juani hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji akiwashwa na uso ukawa mwekundu, si lazima "damu yake haipatani na samaki".

Jambo jingine linalochanganywa kila siku: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa hakuna uvuvi wowote, hata wa mshipi. Katika eneo la akiba linaloizunguka, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Maboya si mapambo.

Ukikaguliwa, onyesha leseni yako na ya chombo. Ni mbili tofauti. Ya chombo haimfuniki mvuvi. Afisa akichukua zana, mwombe kitambulisho, kisha orodha iliyoandikwa: zana gani, samaki kilo ngapi, wapi, saa ngapi. Soma kabla ya kutia saini, na nakala ifike kwa viongozi wa BMU yako (kikundi cha usimamizi wa ufuo). Samaki waharibikao wanaweza kuuzwa, fedha zikasubiri uamuzi wa kesi. Ukipatikana na hatia, mbali na faini au kifungo, mahakama inaweza kuamuru zana na hata chombo vitaifishwe. Tajiri mwenye chombo anaweza kushtakiwa pia, hata kama siku hiyo hakuingia baharini. Faini ya mahakama hailipwi ufukweni. Anayeitaka mkononi, bila risiti, mripoti.