Sato wamekufa usiku mmoja: kabla ya kusema sumu

Simu za wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani huingia alfajiri. Sato wanaelea matumbo juu, na mwenye mali hajamaliza kueleza ameshamtaja mbaya wake: "Daktari, tumewekewa sumu." Hasara ile inauma, simlaumu. Lakini mimi huuliza kwanza: jana jioni walikula?

Samaki mgonjwa hususa chakula siku kadhaa, na vifo hupanda kidogo kidogo. Waliogombania chakula jioni wakakutwa wamekufa asubuhi, nayashuku maji. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, bali unavuta ileile wanayovuta samaki, kwa hiyo hupungua kabisa karibu na mapambazuko. Ukija upepo mkali ukapandisha maji ya kilindini, ambayo hewa yake ni haba, samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia. Ndiyo maana kipimo cha saa sita mchana hakinisaidii: jua likishawaka, maji yaleyale yatasoma vizuri tu. Nataka kipimo cha kabla ya jua kuchomoza, juu na chini ya kizimba. Chini ya miligramu 3 za oksijeni kwa lita, sato yuko taabani.

Halafu, nani kafa? Oksijeni ikipungua, wakubwa hutangulia. Sumu mara nyingi huanza na vifaranga, na huweza kuua hata kaa na wadudu wa majini walio nje ya kizimba. Mwanzoni mwa 2021 sangara walizagaa wamekufa kwenye fukwe za Victoria na Kyoga upande wa Uganda, na maneno ya sumu yakavuma. Serikali ikaeleza kuwa dhoruba zilivuruga maji na oksijeni ikashuka. Kwamba waliokufa zaidi ni sangara kunaleta maana: sangara hastahimili uhaba wa hewa kama sato.

Sampuli ndizo hunichosha. Naletewa samaki mmoja kwenye mfuko wa rambo, kapigwa jua njia nzima. Kwa joto la ziwa letu, aliyekufa tangu usiku ameshaanza kuoza ndani, na bakteria wa utumbo wametapakaa kila kiungo. Nipe wanaotapatapa, watano au sita, juu ya barafu. Friza hapana, kugandisha kunapasua seli nisione kitu kwenye hadubini. Akiwa amevimba macho na anaogelea kwa kuzunguka, nafungua fuvu kwa ncha ya kisu na kuchukua sampuli ya ubongo, maana bakteria aina ya streptokoka hupenda kujificha humo.

Na kimelea kikipatikana, bado sijasema ndicho kilichoua. Virusi vya sato vilivyoelezwa mara ya kwanza Israel mwaka 2014 vimeshaonekana Ziwa Victoria hata kwa samaki wasio na dalili yoyote.

Mkisubiri majibu, mizoga izikwe mbali na ufuko na kumwagiwa chokaa. Isirudishwe ziwani wala kuanikwa iuzwe.