A moja na S mbili: je, sheria utaipata?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wadogo zangu wa Njombe, Makete na Tukuyu huanza kunipigia hapa Iringa: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma HKL. Kiswahili nina A, Historia na Kiingereza nina S. Shahada ya sheria nitaipata?"

Jibu linauma. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haitazami wastani wala somo ulilong'ara. Inataka principal pass mbili, yaani kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. S ina nusu pointi, ila si principal pass. Basi mwenye A na S mbili anakwama, na mwenzake mwenye D mbili na S anavuka. Hata C na E zinatosha. Wazazi wengi hudhani mfumo umekosea. Haujakosea, ndivyo ulivyowekwa.

Kuvuka huko si kuchaguliwa. Kila chuo huongeza masharti yake, kisha waombaji wanashindanishwa. Huku kwetu kuna Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha), na Mzumbe kampasi ya Mbeya. Soma masharti ya kozi katika mwongozo wa TCU kabla hujalipia fomu, na usiombe chuo kimoja tu.

Aliyekwama ana foundation, yaani kozi ya kujiandaa kuingia shahada, ya Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Mbeya na Iringa, au stashahada ya sheria, ambayo utahitaji kuimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi. Mimi naipendelea stashahada, kwa sababu unaanza kusoma sheria yenyewe mapema.

Kinachonikosesha usingizi ni ile S ya Kiingereza. Ni kweli tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, lakini chuoni mihadhara na hukumu nyingi za kusoma bado ni za Kiingereza. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, 26 tu walifaulu moja kwa moja, hadi ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuwa mbunge wa Kyela. Wote 633 walishakuwa na shahada.

Kwa hiyo mwenye S hiyo namtuma kwanza TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, zipo bure. Achague moja fupi ya Mahakama ya Rufani, aifupishe kwa Kiingereza chake mwenyewe ukurasa mmoja, aniletee. Fomu tutaijaza tukishaisoma pamoja.