Waranti ya simu haimaanishi simu mpya papo hapo

Wengi huamini kwamba simu mpya ikisumbua ndani ya muda wa waranti, ukiirudisha unapewa nyingine mpya. Inaeleweka. Lakini kwa kawaida mtengenezaji ndiye huchagua: kuitengeneza, kuibadilisha au kurudisha pesa, na ya kubadilishiwa yaweza kuwa iliyokarabatiwa. Uharibifu wa maji mara nyingi haumo, hata kwa simu inayosifiwa kustahimili maji. Simu nyingi zina kibandiko cheupe ndani, pengine kwenye tundu la laini, kinachogeuka chekundu kikilowa.

Soma karatasi ya waranti, na sheria ya nchi yako pia, maana yaweza kukupa zaidi. Piga *#06#, kisha linganisha tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya kutambulisha simu yako, na zilizo kwenye boksi. Kabla ya kuikabidhi, nakili picha zako. Matengenezo huweza kufuta kila kitu.